Matiya Alisema "Ndege"

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Jebel, pale raksha, bajaji za huku, zinapogeuzia, kwenye benchi la mbao aliloliweka Sanyu kando ya jiko lake la mkaa. Sanyu ni Mganda wa Masaka, lakini amekaa Juba kiasi cha kumgombeza mteja kwa Kiarabu cha mtaani na kumwomba radhi kwa Kiganda kabla kikombe hakijapoa. Kahawa yake ina tangawizi inayokuna koo. Wa kila siku tuko wanne. Kuna Maker, tunayemwita Nakuru kwa sababu alilelewa huko na kila hoja yake huanzia huko. Kuna Cyril, Mganda fundi wa bodaboda, tunamwita Spana, maana hata kanisani anaingia nayo mfukoni. Niko mimi, fundi cherehani, mashine yangu iko nyuma ya benchi na masikio yangu yako mbele. Halafu kuna Matiya, jina lake hapa ni Rubani, na hilo si la utani. Aliwahi kurusha ndege kweli, akiwa rubani msaidizi wa ndege ndogo za mizigo. Siku hizi anapima masanduku kwenye ofisi ya wasafirishaji. Jicho lake la kulia halipo. Kope zimefunga pale moja kwa moja na kovu linateremka hadi kwenye taya.

Alhamisi hiyo Matiya alichelewa. Spana akafika mbio, mikono imejaa grisi.

— Mmesikia? Ile ya asubuhi imerudi uwanjani. Imegonga ndege!

— Ndege imegonga ndege? Maker akashtuka. Wamekufa wangapi?

— Hapana, bwana. Ndege ya manyoya.

— Sasa si useme! Umenimwagia kahawa.

— Nimesema. Wewe ndiyo umesikia vibaya.

— Imegonga ikiwa wapi? nikauliza. Ikipaa?

— Juu kabisa! Mimi iko najua kijana anafagia pale uwanjani. Amesema ilikuwa juu, juu, mpaka watu iko wanavaa sweta.

— Uongo, Maker akasema. Ndege hafiki huko. Pumzi inakata. Kule Nakuru tulikuwa na flamingo maelfu, maze, na hata siku moja sijaona flamingo akipita juu ya wingu.

— Ungemwonaje kama iko juu ya wingu?

Maker akanywa kahawa.

Spana aliona amepata nafasi.

— Sikia. Kwetu Masaka senene, ile panzi tunakaanga tunakula, inatoka wapi? Nani amewahi kuona kiota ya senene? Hakuna. Tunasimamisha mabati, tunawasha taa kubwa, na wao wanashuka kama mvua. Wanashuka! Hawapandi. Maana kwao ni huko juu.

— Wana kijiji huko?

— Wako na kijiji. Na hao tumbusi wanaenda huko kuwakula. Rubani naye anapita katikati ya soko ya watu.

— Afadhali hiyo, nikasema, kuliko ya flamingo.

— Ngojeni niwaambie ukweli, Maker akasema, na alipovuta pumzi tukajua ukweli uko mbali. Tumbusi wa huku kwetu wanafuata ndege za chakula. Wameshajua saa. Ile inayodondosha magunia wanaiona ni mkubwa wao, mzee wa ukoo. Wanapanda kumsalimia.

— Kwa hiyo yule wa leo alienda kusalimia.

— Alienda kusalimia akakaribia sana.

— Mimi iko na swali, Spana akasema. Wanasema kioo ya mbele imepasuka. Nyama na manyoya inavunja namna gani ile kioo nene? Nimefikiri, nimepata. Huko juu ni baridi kama friji. Ndege inaganda. Ikifika kwa kioo si ndege tena, ni kuku wa supamaketi. Ni jiwe!

Sanyu alicheka mpaka akaweka chini jebena, birika lake la kahawa. Hapo ndipo Matiya alipofika, akatusalimia kwa kichwa na kuketi mahali pake, mwisho wa kushoto. Alikuwa ameshasikia habari za asubuhi, kwa sababu aliuliza kitu kimoja tu:

— Rubani mzima?

— Mzima, Spana akasema. Wote wazima.

— Al-hamdulila.

Akapokea kikombe. Sisi tukaendelea na kuku wa friji.

Nyuma yake kidogo akaja mwanamke mrefu, gauni la safari, begi dogo begani. Alitazama jiko, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiswahili cha Kenya:

— Samahanini, hapa ndio kwa Sanyu?

— Ndipo, Sanyu akasema. Karibu, dada. Kahawa ama chai?

— Kahawa.

Nafasi ilikuwa katikati, kuliani kwa Matiya. Akakaa hapo. Kuliani Matiya haoni kitu, na hakugeuka. Mwanamke alimtazama kwa muda, kovu na lile jicho lililofungwa, kisha akashusha macho kwenye kikombe. Sikujiuliza kitu. Jebel imejaa wageni, na wengi humkodolea Matiya macho siku ya kwanza.

— Umetoka Kenya, sista? Maker akamuuliza.

— Kitale. Nilifika jana.

— Basi umefika kijiwe cha wasomi. Tunajadili ndege.

— Ndege gani?

Kijiwe kizima kikalipuka kwa kicheko, kwa sababu swali hilo ndilo mlango wa hadithi yetu tuipendayo kuliko zote. Spana alikuwa ameshasimama. Akamwambia mgeni amsikilize vizuri.

— Huyu mzee hapa alikuwa rubani. Na mkubwa wake alikuwa kapteni mmoja, anaitwa Chuol. Siku moja wako juu, huyu anaona tumbusi iko inakuja. Anapiga kelele: "Ndege! Ndege!" Sasa kapteni Chuol anafanya nini? Anaanza kutafuta ndege ya abiria! Anaangalia kushoto, haiko. Anaangalia juu, haiko. "Matiya, ndege iko wapi?" Paaa! Iko ndani!

Maker naye akaingiza mkia wake wa kawaida:

— Chuol, aliyetafuta ndege akapata ndege!

Sisi tulicheka. Niseme kweli, tulicheka wote, na hadithi ile tulikuwa tumeisimulia mara nyingi hadi madereva wa malori walikuwa wanaibeba. Matiya huwa anacheka pia, kwa ule upande wa mdomo usio na kovu. Mgeni peke yake hakucheka.

— Na mimi ningekuwa Chuol, Spana akaendelea, akishika usukani wa hewa, ningekata kona. Kama mbuzi ikiingia kwa barabara ya Gudele. Hivi, na hivi, nimepita!

— Kaa chini, Matiya akasema.

Sauti yake haikuwa ya utani. Spana akakaa.

— Mbuzi unamwona kutoka mbali, Matiya akasema. Unamwona, unaamua, unakata kona, unamtukana mwenye mbuzi. Kule juu tumbusi ni nukta. Halafu ni ukuta. Katikati hapo hakuna kitu.

— Lakini kapteni alitazama kando, Maker akasema. Wewe mwenyewe ulituambia.

— Nilisema alitazama kando. Sikusema angetazama mbele ingesaidia.

Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. Hata Sanyu aliacha kupuliza mkaa.

— Basi tueleze, nikamwambia. Tueleze yote.

Alikizungusha kikombe mkononi kabla hajaanza.

— Tulitoka Malakal. Chini mvua ilikuwa nyeusi, tukapanda juu ya mawingu. Chuol aliona natetemeka, akavua skafu yake akanipa. Nyuma, kati ya mizigo, tulikuwa na akina mama wa kanisa wanakuja mkutano huku Juba. Mnabishana kama viumbe vinafika huko? Vinafika. Wadudu tumekutana nao mara nyingi. Panzi, vipepeo, hata buibui kwenye uzi wake. Joto la chini linawanyanyua, upepo unawabeba, na wewe unawakuta huko hawana habari wanakwenda wapi. Ukitua unafuta kioo kama umetoka shambani. Lakini ndege mkubwa, juu vile, sikuwahi kumwona. Siku hiyo nikamwona.

— Ukasema ndege.

— Nikasema ndege. Na kwenye redio tulikuwa tumeambiwa kuna ndege imetoka Juba, inakuja upande wetu. Kwa hiyo Chuol akageuza shingo kuitafuta. Mtu yeyote mwenye akili angeitafuta. Sisi wawili tulisoma pamoja Kitale. Mwalimu wetu alikuwa anatuchapa kwa hili: ndege yule anaruka, ndege ile inaruka. Mnyama ni "yule", mashine ni "ile". Hospitalini nimelala nalo hilo miezi. Kwamba ningesema "yule" angejua. Ningesema "ile" angejua. Nilisema ndege, basi, bila mkia.

— Mimi kwangu zote ni "ile", Spana akasema polepole.

— Na wengi wetu. Lakini nimelifikiria hadi mwisho, Spana. Hata ningesema "yule" ingekuwa kazi bure. Piga makofi.

— Kupiga?

— Mara moja.

Spana akapiga.

— Hapo nimeona nukta, nimepiga kelele, na kioo kimepasuka. Yote ndani ya hiyo. Chuol angekuwa anamkodolea yule tumbusi macho, angemgonga palepale alipomgonga. Hakuna mikono duniani ingegeuza ndege ndani ya kofi moja.

— Na baada ya hapo?

— Baada ya hapo sikuona. Nilisikia upepo. Ulikuwa unapiga yowe ndani, karatasi zinaruka, na akina mama nyuma wameanza wimbo. Chuol alinishika kola akanivuta kwake nisitoke na upepo. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umenikandamizia skafu usoni damu isiniishie. Alikuwa ananiita jina njia nzima. "Matiya. Matiya, nijibu." Nikinyamaza ananitikisa. Ametushusha katikati ya mvua ile tuliyokuwa tumeikimbia, hana kioo, maji yanamchapa machoni, na akatua Juba laini kabisa. Wale akina mama wote wako hai.

Miaka yote tuliyosimulia habari za Chuol, nusu hiyo haikuwamo. Hatukuwahi kuiuliza, kwa sababu nusu tuliyokuwa nayo ilikuwa inachekesha vya kutosha.

Mgeni aliweka kikombe chake chini ya benchi, taratibu.

— Hayo unayoyasema, uliwahi kumwambia yeye?

Matiya aligeuka. Ilimbidi ageuze kichwa chote kwa sababu ya lile jicho, na ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza.

— Nyamuoch?

— Ni mimi, kaka Matiya.

— Ulikuwa mtoto wa shule.

— Nilikuwa. Hujanijibu.

Maker alianza kuinuka, kama mtu aliyekumbuka yuko kwenye nyumba ya watu. Nyamuoch akamwambia akae. Alisema ni dada yake Chuol, amekuja Juba kununua vitenge, na amezunguka toka jana akijipa moyo wa kuja hapa.

— Hadithi yenu tunaijua, akatuambia. Iko Kitale. Kaka yangu siku hizi anaendesha kinu cha kusaga mahindi. Dereva mmoja wa lori aliyeisikia hapa kwa Sanyu aliisimulia palepale kinuni, hajui anayemsagia ni nani. Watu wakacheka. Kaka naye akacheka. Akarudi nyumbani akakaa hadi asubuhi hajasema neno.

— Malesh, dada, Spana akasema. Malesh. Sisi hatukujua.

— Najua hamkujua. Sikuja kwa ajili yenu.

Akamrudia Matiya.

— Kuna watu wamemwita arudi kurusha ndege. Wanataka jibu Jumatatu. Wamemwita zaidi ya mara moja, na kila mara anasema mtu aliyelitoa jicho la rafiki yake hana haki ya kushika usukani. Nimemwambia muulize Matiya. Anasema, "Nilishamuuliza. Nilienda hospitalini Nairobi, akageukia ukutani." Ni kweli?

— Ni kweli.

— Uligeuka kwa sababu ulikuwa unaumwa?

Ingekuwa rahisi kwake kusema ndiyo. Sote tulimwachia nafasi aseme ndiyo.

— Nilikuwa na hasira, Matiya akasema. Na ndege huwezi kumkasirikia, Nyamuoch. Ameshakufa, na hakukujua. Nilihitaji mtu. Watu wakija kuniona wakiuliza ilikuwaje, nasema, "Nilimwambia ndege, akatafuta ndege." Wanatikisa vichwa, wananihurumia. Ikanipoza. Baadaye hasira ikaisha, lakini maneno yalikuwa yameshazoea kutoka hivyo. Kila mwaka nilijiambia nitampigia. Halafu nikawa naona aibu ya kuchelewa, nikachelewa zaidi.

— Mpigie sasa.

Hakumwachia nafasi ya kujadili. Alibonyeza namba, akafungulia sauti, akamwekea simu kiganjani. Tulisikia mashine ikinguruma, kisha sauti ya mwanamume akipaza juu ya mngurumo.

— Nyamuoch? Umepata vitenge?

— Chuol. Ni mimi, Matiya.

Mngurumo ukaendelea. Halafu mtu akazima kinu.

— Matiya.

— Nina neno nataka kukwambia. Siku ile. Hakuna ambacho ungefanya. Ungekuwa unatazama mbele, ungemgonga vilevile. Hukukosea. Wewe ndiye uliyeniokoa. Nilitakiwa nikwambie pale hospitalini.

— Nyamuoch yuko hapo?

— Yuko, lakini...

— Amekuomba useme.

— Hapana! Nimesema mwenyewe, kabla sijajua yuko hapa. Waulize hawa.

— Sawa, ndugu yangu.

— Chuol, nisikilize. Si kwamba nakuhurumia. Ni kweli. Nimehesabu kila kitu kichwani, ni kweli.

— Nimekusikia. Asante. Wewe moyo wako ulikuwa mzuri tangu shuleni.

Tulisikia jinsi alivyolisema hilo. Alilisema kama mtu anavyopokea sahani kwenye matanga, hana njaa lakini hataki kumvunja moyo mpishi.

— Ungeniambia wakati ule, Chuol akaongeza, ningekuamini. Wakati ule nilikuwa natafuta mtu wa kumwamini. Sasa nimeshaizoea hatia yangu, Matiya. Nimeijengea nyumba. Jicho halikusumbui? Baridi?

— Halinisumbui.

— Nashukuru kusikia. Kuna mama hapa amesimama na debe lake. Nisalimie Nyamuoch, mwambie asisahau vitenge vya mama.

Kinu kikawaka, na simu ikakatika.

Matiya alibaki ameishika simu kiganjani hadi Nyamuoch alipoichukua. Maker alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitamani mmoja wetu atoe ile nadharia ya senene, chochote.

— Nitaenda, Matiya akasema. Kwa simu mtu hawezi kuamini. Nitapanda basi kesho, nifike Kitale kabla ya hiyo Jumatatu, nimwambie uso kwa uso.

Nyamuoch alikuwa amesimama tayari, begi begani. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa imeondoka, na hakuonekana kufurahi kwamba imeondoka. Alimtazama Matiya, lile kovu tangu kwenye kope hadi kwenye taya, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama alipofika.

— Njoo, akasema. Utalala kwetu. Lakini kaka Matiya, akiuona huo uso, ataamini?

Alisubiri jibu. Aliuliza kwa upole, alitaka kweli kujua, na alitutazama na sisi pia, kama kwamba mmoja wetu anaweza kulifahamu. Raksha ikasimama, dereva akapiga honi. Akapanda.

Matiya akaomba kahawa nyingine. Sanyu akainamisha jebena juu ya kikombe, yakatoka machicha matupu.